Msiwaweke waganga wote kapu moja

Nimesoma makala kuhusu waganga wa kienyeji na ugonjwa wa akili. Mwandishi wake anasema wagonjwa wengi wa akili hapa Zanzibar hufikishwa Kidongo Chekundu, hospitali ya wagonjwa wa akili, wakiwa wameshachelewa, na lawama zote anawatupia waganga hao. Hapo nampinga.

Mdogo wangu anasikia sauti tangu yuko kidato cha tatu. Tulimpeleka kwa shehe wa mtaani. Aliandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akaiosha kwa marashi ya waridi, akampa kombe anywe. Akamshika kichwa, akamsomea taratibu. Hakupona, lakini wakati ule mtaa mzima hakuna mwingine aliyethubutu kumgusa! Na shehe huyohuyo ndiye aliyetuhimiza twende hospitali. Leo mdogo wangu anachomwa sindano yake kila mwezi na anamsaidia mama kuuza urojo. Siku nyingine sauti zinarudi, anazijibu kidogo huku anamenya viazi, kazi inaendelea. Kuna ubaya gani?

Wa kushitakiwa ni yule anayemfunga mtu mnyororo, anayesema tupa vidonge shetani havitaki, anayedai mbuzi wa pili wa kafara baada ya yule wa kwanza kushindwa. Sina huruma naye. Na sisi majirani je? Watoto wanamrushia mgonjwa mawe, "chizi huyo!", wazazi wako barazani wanacheka.

Naiomba wizara iwakalishe wauguzi wa afya ya akili pamoja na mashehe na waganga, wawaeleze dalili za hatari: mtu halali usiku, hali chakula, anataka kujidhuru. Familia nyingi huanzia kwao.