Mtoto akishuka stendi usiku, nani anamwona wa kwanza?

Naishi Delhi, na Jumamosi najitolea kufundisha watoto wanaoshinda karibu na stesheni ya New Delhi, upande wa Paharganj. Wengi wao walifika kwa treni peke yao, kutoka Bihar au Uttar Pradesh, wakikimbia kipigo au njaa.

Tunatandika mkeka, tunagawa madaftari. Kuna mvulana anayekuja na gunia la chupa tupu za maji. Hulikalia kwanza ili lisiibwe, ndipo ashike kalamu. Chupa hizo ndizo chakula chake cha jioni. Mwenzake ana kitambaa kilicholowekwa dawa ya kufutia wino, anakinusa njaa isimsumbue. Kwetu Tanzania wananusa gundi.

Sisemi India wamelimaliza tatizo hili. Watoto bado ni wengi mno, na wengine wanapelekwa kwenye makao leo, kesho wametoroka. Lakini wenzetu wameelewa kwamba saa za kwanza ndizo zinazoamua. Wapagazi wenye mashati mekundu na wauza chai ninaozungumza nao wanaijua namba 1098, simu ya bure ya watoto iliyoanzia Mumbai mwaka 1996. Sheria yao ya 2015 inataka mtoto akiokotwa afikishwe mbele ya kamati ya ustawi wa watoto ndani ya saa 24. Mtu wa kujitolea akimkuta mtoto mgeni stesheni, anajua pa kuanzia, na akichelewa, dalali wa vibarua hachelewi.

Tanzania tunayo 116, nayo ni bure. Waulize wapiga debe wa stendi ya Mbezi, Dar es Salaam, ni wangapi wanaijua.

Sisi wa ughaibuni kila Ramadhani na Krismasi tunachanga: mchele, mafuta, sabuni, tunapeleka kituo cha kulelea watoto, tunapiga picha nao. Nachanga na nitaendelea kuchanga, ingawa zile picha naomba tuziache. Ila mtoto wa kituoni ana mtu aliyekwisha kumwona. Yule aliyeshuka basi la Mwanza usiku, hana simu wala ndugu, anasubiri nani?

Wapo vijana wachache wanaozunguka stendi zetu kuwatafuta watoto hao, wengi kwa kujitolea, na nauli yao ni ya kuungaunga. Ndugu zangu, mchango ujao tuwape hao posho ya mwaka mzima, wale wanaotambuliwa na ofisi ya ustawi wa jamii, wawepo stendi usiku, hata miezi isiyo na sikukuu.