Hilo Povu Umelitoa Wapi?

Nani aliniambia kujipikia pombe nyumbani ni kubana matumizi? Nikimpata tutagawana hasara.

Mimi mtu wa Dodoma, nimeoa Kibosho, Kilimanjaro. Kila Desemba tukipanda kule nakunywa mbege ya mama mkwe, nzito, inateremka na ulezi wake, najiuliza: hii si ndizi, ulezi na gome chungu la mti wa msesewe tu? Mimi nashindwa nini? Nikarudi Dar, kwenye chumba na sebule cha kupanga, nikafungua kiwanda.

Mkungu wa kwanza nilinunua Mabibo. Nikamenya, nikainjika saa nne asubuhi, nikaipua saa kumi jioni, ndizi nyekundu kama tope la Kibosho. Mkaa debe zima kwisha. Mke wangu anapita kimya, anahesabu. Sasa kule mlimani kuna ubaridi, ndizi zinakaa siku tano zikiumuka taratibu. Mimi nami nikahesabu tano zilezile, na joto hili la Februari! Nafunua: siki. Tumekulia kachumbari mpaka mwezi wa nne.

Ya pili nikaipa siku tatu. Mama mkwe akanitumia msesewe kwa basi, nikaufuata stendi ya Magufuli kule Mbezi. Kufungua kifurushi, vigome vyenyewe kiduchu, nikaona nisiwe bahili, nikatumbukiza vyote. Jirani alipiga funda moja, akaniuliza hii dozi ni ya siku ngapi.

Ya tatu ndiyo aibu yangu. Nimechuja vizuri, uji wa kimea cha ulezi nimeupoza, nimechanganya, nimeacha ilale. Asubuhi nakuta povu jeupe limejaa mpaka mdomoni mwa dumu, limetulia, halishuki. Nikanywa vikombe viwili nikisifia kaharufu ka limau. Nikapiga picha, nikamrushia mama mkwe. Akapiga simu hapohapo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Hilo povu umelitoa wapi?"

"Mama, si utaalamu huo?"

"La mbege halinaga weupe huo. Dumu lilikuwa la nini?"

Nikanusa tena. Limau. Kumbe ni dumu la mke wangu la sabuni ya maji, ile anayowapimia majirani kwa chupa. Nililisuuza mara moja tu, tena kwa maji ya baridi. Siku nzima kila nikicheua nasikia harufu ya vyombo vilivyooshwa.

Ya nne nikanunua ndoo mpya, nikaipitisha maji ya moto mara tatu, juu kitambaa safi, nikaisimamisha ndani ya beseni la maji kwenye kona ya korido ipoe. Msesewe, kipande cha kidole. Ikatoka! Jamani, ikatoka kweli!

Sasa baba mwenye nyumba, yuleyule aliyekuja na mjumbe wiki ya kwanza kusaka mtambo wa gongo (nikawaonyesha ndizi, nikawaambia mbege haikenekwi, wakachungulia hadi chini ya kitanda), kila Jumamosi anabisha hodi na kata yake mkononi. Anakunywa, anafumba macho, anatikisa kichwa.

"Kijana, ulezi wa leo umepungua."

Na kodi hajashusha hata mia.