Safari Isiyo na Msiba

Mwezi uliopita, katika kikao cha ukoo kilichoitishwa kujadili mahari ya kijana wetu mmoja, mdogo wangu alinitazama usoni na kusema mbele ya watu wote, "Kaka, naona wewe na shemeji mmeanza kuzurura uzeeni." Watu walicheka. Nami nilicheka, kwa kuwa mkubwa wa ukoo hagombani kwenye kikao cha mahari, lakini neno hilo nilirudi nalo nyumbani na hadi leo halijanitoka.

Kosa letu ni hili. Tangu mke wangu naye alipotimiza miaka 60 na kukabidhi funguo za wodi, kila Alhamisi tunajaza chai kwenye chupa, tunafunga viazi vitamu vya kuchemsha kwenye kitambaa, tunaingia kwenye Noah yetu na kutoka mjini Iringa kwenda popote ambapo tunaweza kurudi kabla ya giza. Viti vya nyuma nimeving'oa na kutandika godoro, na mara mbili tumelala humo humo garini baada ya safari kutunogea. Wazee wa Kizungu wakipita hapa na magari yao yenye kitanda na jiko, wakielekea Zambia, tunawaita watalii na kuwapungia mikono. Sisi wenye godoro ndani ya Noah ndio wazururaji.

Ni nani aliyetufundisha kwamba mtu wa kwetu hasafiri ila kwa sababu nzito, na kwamba sababu nzito ni msiba, harusi, ugonjwa au barua ya uhamisho? Nimefundisha kwa miaka 34, na katika miaka yote hiyo sikumbuki safari hata moja niliyoifanya bila kubeba rambirambi, mchango au faili la madai ya mshahara. Isimila, lile korongo la zana za mawe za kale, iko kilomita 20 hivi kutoka mjini, kando ya barabara ya Mbeya. Nimeipita kwa basi mara nyingi zisizohesabika, nikiwa nimevaa suti ya kuzikia, na sikuwahi kushuka. Nilishuka kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka 62. Tuliteremka korongoni polepole kwa sababu ya goti la mke wangu, tukakaa kwenye kivuli cha zile nguzo za udongo ambazo mvua imezichonga mpaka zikawa ndefu kama minara, tukanywa chai bila kusemezana. Mwongozaji alimruhusu mke wangu kushika mojawapo ya zile zana za mawe za watu wa kale. Akalipima uzito mkononi, akaligeuza, akasema, "Mwalimu, hili lingenifaa sana kwa mifupa ya supu."

Kalenga, penye makumbusho ya Mkwawa, ni aibu kubwa zaidi, nami naikiri hadharani. Nilikuwa mwalimu wa historia. Kila mwaka niliandika ubaoni kwamba Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alijiua mwaka 1898 ili asikamatwe na Wajerumani, kwamba fuvu lake lilipelekwa Ujerumani, kwamba Mkataba wa Versailles wa 1919 uliagiza lirudishwe, na kwamba lilirudi mwaka 1954 likakabidhiwa kwa mjukuu wake, Chifu Adam Sapi, ambaye baadaye akawa Spika wa Bunge letu. Wanafunzi walinakili, wakafaulu. Mimi mwenyewe, niliyekuwa nikiishi umbali wa kilomita 15 hivi kutoka mahali fuvu hilo lilipo, sikuwahi kulitazama hadi nilipostaafu. Lipo ndani ya kabati la kioo, na ni dogo kuliko nilivyokuwa nikilifikiria wakati wote nilipokuwa nalifundisha. Mke wangu alinishika mkono, nikagundua kwamba nilikuwa nimevua kofia bila kujua niliivua lini. Kama huko ndiko kuzurura, basi nilipaswa kuanza kuzurura nikiwa na miaka 26, nikiwa na darasa zima nyuma yangu.

Si mdogo wangu peke yake. Tulipokuwa tukiteremka kuelekea mlima Kitonga, askari wa usalama barabarani alitusimamisha, akatuamkia kwa adabu na kuuliza tunakwenda wapi. Nilimjibu kwamba tunakwenda Ruaha Mbuyuni kuangalia mibuyu.

"Kuna mgonjwa huko, mzee?"

"Hapana."

"Mna shamba la vitunguu?"

"Hapana, mwanangu. Mibuyu tu."

Alimtazama mke wangu kwa huruma, kama mtu aliyeibiwa na mumewe mwenyewe, kisha akaturuhusu.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba petroli si maji, na kwamba wapo wastaafu wenzetu ambao kikotoo, ile hesabu ya mafao ya kustaafu, kimewaacha na pensheni isiyofika hata stendi. Nakubali pia kwamba bati la nyumba ya mama kijijini linavuja. Litabadilishwa kabla ya masika, na nimekwisha kulisema hilo kikaoni. Ama wajukuu, karibuni wakati wa likizo, lakini hatukustaafu ili tuajiriwe tena kuwa yaya bila mshahara.

Alhamisi ijayo tunakwenda Mtera. Tutasimama pale barabara inapopita juu ya bwawa, tutazame maji upande mmoja na makorongo upande mwingine, kisha tukae na wachuuzi wa samaki hadi jua lipungue ukali. Jana usiku mdogo wangu alituma ujumbe akiagiza perege watatu wakubwa, waliokaangwa. Sijamjibu.