Fahali wa Khayega, farasi wa Kildare

Mwaka juzi nilituma pesa nyumbani Khayega, Kakamega, kununua fahali. Si wa kulima wala wa kuchinjwa Krismasi, bali wa kupigana. Binamu yangu alikuwa ameapa kwamba huyo ni mjukuu wa Tingatinga, fahali aliyetusumbua vichwa tukiwa shule ya msingi, aliyewahi kumtoa mpinzani uwanjani mpaka akavuka barabara ya lami. Nani angekataa damu kama hiyo? Jumamosi ile niliamka usiku wa manane huku Ayalandi ili nitazame pambano kwenye simu. Ngoma za isukuti zinalia, filimbi zinalia, vijana wana matawi na fimbo, vumbi halijapanda bado kwa sababu ya umande. Mjukuu wa Tingatinga akaingia, akamtazama mwenzake kwa utulivu, akageuka. Alipasua umati katikati, akaingia shamba la miwa la mtu. Nililipa fahali, nikalipa na miwa.

Kilichonikera hasa si kukimbia. Hata fahali wa ukweli ana siku yake mbaya. Kilichonikera ni kwamba nilipouliza baadaye, hakuna aliyeweza kunionyesha kwamba yule mnyama alihusiana na Tingatinga kwa lolote zaidi ya rangi.

Mimi ni saisi, mtunza farasi. Huu ni mwaka wangu wa nane katika kaunti ya Kildare, kwenye shamba dogo la farasi wa mbio. Tuna majike ishirini na kitu na hatuna dume hata mmoja. Kila mwaka kuanzia Februari tunawapakia majike kwenye lori tukawapeleka kupandishwa kwa wenye madume. Kwa hiyo nimekaa miaka yote hii katikati ya ugomvi wa wakubwa wawili bila kuwa wa upande wowote, na watu wa kwetu wanapenda sana nikiwasimulia habari zake, kwa sababu wanausikia kama ule wa Isukha na Idakho, majirani wa kwetu wanaoshindanisha mafahali, ila huku ni kwa mabilioni.

Upande mmoja ni Coolmore, karibu na mji mdogo wa Fethard, Tipperary, chini ya John Magnier. Upande wa pili ni Sheikh Mohammed wa Dubai, ambaye mashamba yake huitwa Darley na farasi wake hukimbia kwa jina la Godolphin, jezi za buluu. Ushindani wao ulianzia mnadani. Miaka ya 70 Magnier, tajiri Robert Sangster na mkufunzi Vincent O'Brien walikuwa wakienda Keeneland, Kentucky, kununua watoto wa dume mmoja aliyeitwa Northern Dancer, kwa hesabu kwamba mtoto akishinda mbio, atarudi nyumbani kuwa dume wa kupandisha, na hapo ndipo pesa ilipo. Kisha Sheikh na ndugu zake wa ukoo wa Maktoum wakaingia mnadani na mfuko usio na chini. Mwaka 1983 Sheikh aliwashinda kina Sangster kwa kinda wa Northern Dancer aliyeitwa Snaafi Dancer: dola milioni 10.2. Hakuwahi kukimbia hata mbio moja. Walipomfanya dume, akaacha watoto wanne tu duniani. Mwaka 2006, huko Florida, zamu ikawa ya Coolmore: walimpiku Sheikh kwa dola milioni 16 wakamnunua The Green Monkey. Huyu angalau alikimbia. Mara tatu, hakushinda hata moja, na zawadi zake zote zilifika dola 10,440.

Nikimsimulia binamu yangu hayo, hucheka mpaka anakohoa. Anasema basi na mimi nimeibiwa kidogo tu.

Kutoka mwaka 2005 ugomvi uliingia mahali pengine. Watu wa Sheikh waliacha kununua mnadani mtoto yeyote wa dume wa Coolmore, wakaendelea hivyo karibu miaka 12, hadi 2017. Fikiria maana yake. Coolmore ndio waliokuwa na Galileo, mshindi wa Derby, zile mbio kubwa za Epsom, Uingereza, ya 2001, ambaye baadaye alikuwa dume bora wa Uingereza na Ayalandi mara 12. Ni kama mtu wa Malinya, upande wa Idakho, aamue kwamba hatagusa ng'ombe yeyote aliyewahi kupita Khayega, hata akiwa ndiye bora sokoni. Sisi kwetu tunaliita hilo kununa. Huku waliliita msimamo wa kibiashara.

Lakini damu haina msimamo. Katikati ya kununa huko, Sheikh na watu wake walipata watoto wawili wa Galileo, Teofilo na New Approach, kupitia mlango wa nyuma: kwa mfugaji na mkufunzi Jim Bolger. New Approach alishinda Derby mwaka 2008. Na jezi ya buluu ya Godolphin iliposhinda Derby kwa mara ya kwanza, mwaka 2018, aliyeibeba ni Masar, mtoto wa New Approach. Mjukuu wa Galileo! Siku ile tulikuwa watu sita mbele ya runinga ya chumba cha chai, na mzee mmoja wa hapa, aliyeshika hatamu miaka arobaini, akasema taratibu, "Wameshindwa kumkwepa."

Angalia alichofanya yule mzee: alitaja babu bila kufungua kitabu, na kama ungebisha, kitabu kipo. Tangu 1791 Waingereza wanachapa daftari la nasaba la farasi hawa. Siku hizi kinda akizaliwa shambani kwetu, anachukuliwa sampuli ya DNA na kuwekewa chipu shingoni kabla ya kupewa pasi. Hakuna wa kuniambia huyu ni mjukuu wa fulani kwa sababu ana paji jeupe.

Hapo ndipo nawasifu. Mahali pengine nawashangaa. Kanuni yao inasema mtoto aliyepatikana kwa mbegu ya kwenye mrija hasajiliwi kabisa. Lazima dume na jike wakutane. Kwa hiyo mimi huingia kwenye banda lenye sakafu laini na kuta zilizowekewa mito, nimeshika hatamu ya jike aliyevalishwa viatu vinene vya miguu ya nyuma asije akampiga teke bwana harusi. Mdomo wake wa juu umebanwa kwa kamba fupi iliyofungwa kwenye kijiti, atulie. Kabla ya hapo ameletewa dume mwingine, wa bei ya chini, kazi yake kumchokoza tu ionekane kama yuko joto. Akishakubali, yule maskini anaondolewa, anaingizwa mwenye jina. (Namhurumia kila mara.) Watu watano, kofia ngumu vichwani, hakuna anayeongea. Mambo yanaisha kabla chai haijapoa. Kwa Dubawi, dume wa Sheikh kule Newmarket, dakika hizo ziliuzwa pauni 350,000 mwaka 2023, zaidi ya shilingi milioni 50 za kwetu. Bosi wangu hana pesa hizo, sisi huenda kwa madume wa bei ya chini.

Sasa mama yangu, Khayega, ana ng'ombe mmoja wa maziwa. Akiingia joto anampigia simu daktari wa mifugo, anakuja na pikipiki na mtungi wa baridi, anachagua mrija wa mbegu kutoka Kabete, kazi imeisha kwa bei ya majogoo wawili. Kwa upande huo mama yangu amewatangulia mabilionea. Na wao wanajua. Mbegu ikiruhusiwa kwenye mrija, dume mmoja angepanda maelfu na bei ingeanguka kesho yake. Wanaita mila, mimi nimeosha banda hilo miaka minane na naona kufuli.

Na kufuli hiyo ndiyo kitu ambacho nisingependa kifike kwenye viwanja vya mafahali vya Ikolomani. Kwetu mtu wa mabati matatu na fahali mmoja anaweza kumtoa jasho mwenye duka kubwa Kakamega mjini. Akishinda, kijiji kizima kimeshinda, watoto wanamsindikiza fahali nyumbani kwa nyimbo. Huku farasi tuliyemhudumia tangu kuzaliwa akishinda, sisi hupata picha ukutani.

Ila tuna dhambi moja ambayo sitaacha kuisema hata mkinitoa kwenye kundi la WhatsApp. Tunamwimbia fahali, tunamwimbia mwenye fahali, na hakuna anayemtaja ng'ombe aliyemzaa. Huku kila saisi anajua Galileo alizaliwa na Urban Sea, jike aliyeshinda mbio za Arc kule Paris mwaka 1993, na kwamba jike huyohuyo alimzaa Sea The Stars, aliyeshinda Derby na Arc mwaka 2009. Wakubwa wanagombania madume magazetini, lakini kitu wanachokificha na kukilinda ni majike. Jike kama huyo hauzwi ovyo. Mama yake Tingatinga, nimeuliza wazee watatu, inasemekana aliuzwa mnadani kulipa karo. Binti zake wako wapi? Huenda mmoja anakamuliwa Mumias na mtu asiyejua ana nini zizini.

Kwa hiyo nimeanza daftari. La mistari, la shule. Kaka yangu mdogo analiweka nyumbani, na kila ndama wa ukoo wetu anaandikwa: siku, rangi, baba, mama. Mwezi uliopita alinitumia picha ya ndama dume mweusi, kifua kipana, anauzwa na jirani kwa bei ya kuvutia. Baba yake, akaandika, ni yule bingwa wa Malinya.

Nikamuuliza, na mama yake ni nani?

Akakaa kimya kama nusu saa. Kisha jibu likaingia: "Mama yake ni ng'ombe, kaka. Ulitaka awe nani?"