Nicholas alikuwa mtoto wa mama mdogo

Wiki iliyopita mtu alituma kwenye kundi letu la familia ile picha ya Berlin ya mwaka 1913. George wa Tano wa Uingereza na Nicholas wa Pili wa Urusi wamesimama pamoja, wote na sare za Kijerumani, ndevu zilezile, macho yaleyale, utadhani pacha. Chini akaandika kwamba mmoja alimwacha mwenzake auawe. Mwingine akajibu: "Si alikuwa binamu tu." Hilo "tu" limenikaa kooni mpaka leo.

Kwanza, hakuwa binamu. Alexandra aliyemzaa George na Dagmar aliyemzaa Nicholas walitoka tumbo moja, mabinti wa mfalme Christian wa Tisa wa Denmark, na Alexandra ndiye mkubwa. Nicholas ni mtoto wa mama mdogo. Mimi nilifundishwa hili msibani kwa bibi, nilipomtambulisha mtoto wa mama mdogo kwa mgeni nikamwita binamu. Mama aliweka chini sinia la wali, akanivuta nyuma ya mlango: "Binamu ni wa shangazi na wa mjomba. Huyu ni ndugu yako, umenyonya naye." Na kweli tulinyonya ziwa moja, maana mama mdogo aliugua sana alipojifungua.

Binamu wa George alikuwa mke wa Nicholas, Alix, kwa kuwa mama yake Alix alikuwa dada wa Edward wa Saba, baba yake George. Kwa hiyo ndani ya nyumba ile moja George alikuwa na ndugu, binamu na watoto wao watano. Kaiser Wilhelm, mfalme wa Ujerumani, naye alikuwa mjukuu wa Malkia Victoria kama George na Alix. (Wapagazi wa kwetu waliokufa kwa njaa na kuhara damu katika vita vya hao jamaa, Vita Kuu ya Kwanza, wale ambao Kariakoo imebaki na jina la kikosi chao, Carrier Corps, hawakumjua hata mmoja wao. Hilo nalo linaniuma, lakini ni makala nyingine.)

Machi 1917 Nicholas alijiuzulu. Serikali ya waziri mkuu wa Uingereza, Lloyd George, ikakubali kuipokea familia Uingereza. Wiki mbili baadaye, tarehe 6 Aprili, katibu wa mfalme, Lord Stamfordham, aliandika barua mbili kwa siku moja kwenda kwa waziri wa mambo ya nje, kwa niaba ya bwana wake: mwaliko ule uondolewe, watu hawautaki. Ukaondolewa. Kwa miaka mingi lawama alibebeshwa Lloyd George, na ikulu ikanyamaza. Kinachonichoma zaidi ni kule kunyamaza. Mtu akiogopa, aseme aliogopa.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba George alikuwa na sababu. Vita vilikuwa vimepamba moto, wafanyakazi walikuwa na hasira, Alix alionekana Mjerumani, na Nicholas ndiye ambaye askari wake waliwafyatulia risasi watu wenye ombi mkononi huko Saint Petersburg mwaka 1905. Nakubali pia kwamba huenda meli ya kuwachukua isingewafikia, maana baraza la wafanyakazi na askari la Petrograd (ndiyo Saint Petersburg ile ile) halikutaka waondoke. Waliowaua ni Wabolsheviki, wanamapinduzi wa Lenin, si George. Lakini mlango wake aliufunga mwenyewe, kabla hata haujabishwa.

Tarehe 17 Julai 1917 George alibadili jina la ukoo, akaacha la Kijerumani, wakawa Windsor. Mwaka mmoja kamili baadaye, usiku wa kuamkia 17 Julai 1918, familia ile iliamshwa katika nyumba ya Ipatiev huko Ekaterinburg. Nicholas alimbeba mwanawe Alexei ngazini, kwa kuwa mtoto wa miaka 13 mwenye ugonjwa wa damu kutoganda hakuweza kutembea. Chumba cha chini kilikuwa kitupu. Alix akaomba viti, vikaletwa viwili. Mabinti walikuwa wameshonea vito ndani ya nguo zao, na risasi zikagonga vile vito zikaruka, hivyo kufa kwao kukachukua muda. Anastasia, mdogo wa mabinti hao, alikuwa na miaka 17. Pamoja nao walikufa daktari, mtumishi wa kike, mpishi na mhudumu wa kiume, ambao hakuna ikulu iliyowahi kuwajadili.

Aprili 1919 George alituma meli ya kivita, Marlborough, ikamchukua mama mdogo Dagmar kutoka Crimea. Meli ilipatikana. Akafika Uingereza kwa dada yake, kisha akarudi kwao Denmark, na hadi anafariki mwaka 1928 hakukubali kwamba mwanawe na wajukuu zake wamekufa.

George alimkaribisha mama huyo akijua barua za Aprili zilisema nini.