Safaricom kwisha? Wacha kwanza nione

Jirani yangu alifunga ile sahani ya Starlink, intaneti ya setilaiti, juu ya paa na tangu siku hiyo hatupumui, ukikutana naye kwa ngazi ni mahubiri, eti Safaricom, mkubwa wa simu hapa Kenya, sasa kwisha. Sawa. Mimi hayo nimeyasikia tangu mpinzani wao akiitwa Kencell, ikawa Celtel, ikawa Zain, ikawa Airtel, laini ni ileile inapakwa tu rangi. 2010 Zain walishusha bei ya kupiga kutoka bob 6 hadi bob 3, tukanunua laini ya pili wote, halafu ikifika mwisho wa mwezi unarudisha laini ya zamani ya Safaricom ndo upokee pesa kwa M-Pesa yao. Mwaka uliofuata tukaambiwa unaweza kuhama na namba yako, lakini M-Pesa haihami na wewe, sasa unahama uende wapi? Na ile laini iliyoitwa yu mnaikumbuka? 2014 ikafunga virago, wateja wakaenda Airtel na mitambo ikaenda kwa Safaricom yuleyule waliyekuja kumtoa jasho. Niliipenda hiyo laini kweli.

Kinachotushika sio bei. Ni till ya M-Pesa ya mama mboga, ni chama, ni namba ambayo shosho anaijua kwa kichwa.

Sisemi Starlink haina maana, ukiwa Turkana ama Marsabit hiyo ni baraka, nani atakuvutia faiba huko. Lakini Nairobi? Intaneti ya setilaiti mnagawana, na Novemba 2024 walisimamisha wateja wapya hapa kwa sababu nafasi ilijaa, ikakaa hivyo miezi. Mtu wa kumng'oa mkubwa anafunga mlango kwa wateja!

Nilichofurahia ni kitu kingine. Julai 2024 Safaricom waliandikia mamlaka ya mawasiliano barua kulalamikia hizi leseni za setilaiti, Septemba wakaongeza spidi ya faiba bila kuongeza bei, ya Mbps 10 ikawa 15, ya 100 ikawa 500. Kumbe iliwezekana siku zote! (Na Ethiopia Safaricom ndio wageni, M-Pesa yao ilifika 2023 ikakuta telebirr, pesa ya simu ya kule, ishakaa miaka miwili, waionje pia.)

Juzi nikamuuliza jirani, hiyo sahani unalipiaga na nini kila mwezi. Akanyamaza kidogo. M-Pesa.