Pole Si Hoja

Mombasa ni mji usiochoka kujadili dini. Aliyewahi kusimama kwenye mihadhara yetu ya mitaani anaujua mpangilio wake: spika mbili, meza iliyojaa Biblia na misahafu, kijana wa kusoma aya, na umati uliofurika mpaka barabarani kuona nani atambana nani. Utasikia habari za kusulubiwa kwa Isa, za Utatu, za utume wa Muhammad (S.A.W.). Swali moja hutalisikia, nalo ndilo lililo chini ya hayo yote: tumejuaje kwamba Mungu yupo? Pande zote mbili zimeshakubaliana juu yake kabla spika hazijawashwa.

Mimi ni Mwislamu, naswali na nafunga, na naamini Mungu yupo. Ninacholalamikia ni jinsi tunavyomjibu anayeuliza. Hoja nzito tunazo, nyingine zilitungwa na maulamaa wetu karibu miaka elfu iliyopita. Tumezifungia kabatini, na mahali pake tumeweka maneno ya msibani. Anayetaka hoja tunampa pole, na anayehitaji pole mara nyingi tunamtwisha hoja.

Majengo kuna darsa ya kina mama ninayohudhuria baada ya Alasiri. Siku moja msichana wa kidato cha nne, aliyekuja na shangazi yake, aliinua mkono. "Mwalimu, tunasema kila kitu kina muumba wake. Sasa Mungu naye kaumbwa na nani?" Chumba kizima kikanyamaza. Shangazi mtu akamfinya paja, nilikuwa karibu nikaona. Mwalimu akamjibu kwa upole, "Mwanangu, sema audhubillahi. Huo ni wasiwasi wa shetani." Msichana akasema audhubillahi, akauvuta mtandio wake mbele, na hakuuliza tena.

Mwalimu hakuzua. Ipo hadithi katika Bukhari na Muslim kwamba shetani humjia mtu akimuuliza nani kaumba hiki, nani kaumba kile, mpaka amuulize nani kamuumba Mola wako. Akifika hapo, mtu ajilinde kwa Mwenyezi Mungu na aachane nayo. Nionavyo mimi, hiyo ni dawa ya wasiwasi, ule unaomzunguka mtu usiku kucha asipate usingizi. Yule msichana alikuwa ameona kasoro katika maneno tuliyomfundisha, na kasoro ilikuwepo kweli. Ukisema kila kitu kina muumba, Mungu naye umemtia humo humo. Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, hakusema hivyo. Alisema kila kilichoanza kuwepo kina sababu ya kuanza kwake, ulimwengu ulianza, basi ulimwengu una sababu. Mungu hakuanza, kwa hivyo swali la nani kamuumba halimfikii. Hili lingeelezwa pale pale kabla ya chai kuletwa. Badala yake, mtoto wetu akitaka kulisikia itabidi alitafute kwenye intaneti kwa William Lane Craig, Mkristo wa Marekani aliyeifufua hoja hiyo kwa kitabu chake cha 1979 na kuiita kwa jina lake lile lile la Kiarabu, kalam.

Na akishaisikia, asikie pia pale inapochechemea. Kazi ngumu ni kuthibitisha kwamba ulimwengu ulianza. Ghazali alitumia mizunguko ya angani: jua, kwa hesabu za zama zake, huzunguka mara moja kwa mwaka, na sayari ya Zohali mara moja kwa miaka thelathini. Kama mizunguko hiyo haina mwanzo, yote haina idadi, na bado mmoja ni mara thelathini ya mwingine. Kwake hilo lilikuwa muhali. Lakini katika karne ya 19 mwanahisabati Georg Cantor alionyesha kwamba kwenye hesabu za visivyo na mwisho, sehemu inaweza kulingana na kizima chake bila mgongano wowote. Wapo wanaokimbilia sayansi ya mlipuko mkuu, ule unaosemwa ulimwengu ulianzia hapo, na kusema mwanzo umepatikana. Hao wakumbuke kwamba Georges Lemaître, aliyeasisi nadharia hiyo, alikuwa padri wa Kikatoliki kutoka Ubelgiji, na hakupendezwa Papa Pius XII alipoielekeza kwenye uthibitisho wa uumbaji mwaka 1951. Padri alijua kwamba nadharia ya fizikia inaweza kurekebishwa kesho, na hakutaka imani ining'inie hapo.

Kwa hiyo mimi namfuata zaidi mwanafalsafa wetu Ibn Sina (980–1037), ambaye hoja yake haihitaji mwanzo wowote. Tazama chochote ulicho nacho mbele yako, anasema: kingeweza kuwepo na kingeweza kutokuwepo. Mibuyu ya Mama Ngina ingeweza isiote. Mimi ningeweza nisizaliwe. Kitu cha namna hiyo hakina ndani yake sababu ya kuwepo, kimeipata kwingine. Vikusanye vitu vyote vya namna hiyo, hata kama mlolongo wao hauna mwanzo, na mkusanyiko wenyewe bado ni kitu ambacho kingeweza kutokuwepo. Lazima basi pawe na ambaye kuwepo kwake ni kwa dhati yake, wajibul-wujud. Karne mbili baadaye Thomas Aquinas, mwanazuoni wa Kikatoliki, alimsoma Ibn Sina kwa Kilatini, na njia ya tatu kati ya zile tano zake za kuthibitisha kuwepo kwa Mungu inafuata mkondo huo huo. Wakatoliki wa mji huu na sisi tunachota kisima kimoja.

Aliyeipinga kwa ufasaha ni mwanafalsafa Mwingereza Bertrand Russell, katika mdahalo wake na padri Frederick Copleston kwenye redio ya BBC mwaka 1948. Kila binadamu ana mama, alisema, lakini haifuati kwamba jamii nzima ya binadamu ina mama. Ulimwengu upo tu, basi. Nimeizungusha kichwani pingamizi hii na naiheshimu. Inaniomba nisimame pale ambapo akili yangu ingali na swali, na Russell angenijibu kwamba mimi nami nasimama nikifika kwa Mungu. Ni kweli. Ila ninaposimama mimi ni kwa ambaye, kwa maana yenyewe, hawezi kutokuwepo, na ulimwengu sioni dalili kwamba uko hivyo. Hiyo inanitosha mimi. Siwezi kumwita mpumbavu ambaye haikumtosha.

Hoja nyingine nazipita haraka. Ile ya Anselm, mwanazuoni wa Kikristo, kwamba aliye mkuu kuliko wote wanaoweza kufikiriwa lazima awepo kwa kuwa kuwepo ni sehemu ya ukuu, aliivunja mwanafalsafa Kant mwaka 1781 kwa kusema kuwepo si sifa inayoongezwa juu ya kitu, na naona aliivunja sawasawa. Ile inayopendwa kwenye khutba na mimbari zetu, kwamba jicho lilivyosanifiwa vizuri hivi lazima lina msanifu, William Paley aliiandika mwaka 1802, na kufikia 1859 Darwin alikuwa ameeleza jinsi maumbile yanavyoweza kufika hapo taratibu. Anayeishikilia awe tayari na upande wa pili wake: kimelea cha malaria nacho kimesanifiwa kwa ustadi wa kutisha. Darwin mwenyewe alimwandikia rafiki yake Asa Gray mwaka 1860 kwamba hawezi kujishawishi kuwa Mungu mwenye rehema aliumba kwa makusudi nyigu ambao mabuu yao hula viwavi wakiwa hai.

Na hapo ndipo penye swali linalonikosesha raha. Wajibul-wujud wa Ibn Sina hauna machozi ndani yake. Ghazali aliliona hilo; alipowakosoa wanafalsafa katika mambo ishirini, moja kati ya matatu aliyoyaona kuwa ukafiri ni kusema Mungu anajua ya jumla tu, hajui vitu kimoja kimoja. Sisi tunamwabudu Mola anayemjua kila mmoja wetu. Kama anamjua, na ana uwezo, na ana rehema, mbona haya?

Nimekaa kwenye kilio Kisauni, kwa mama aliyefiwa na mtoto wa miaka mitatu. Alikaa kwenye mkeka ameegemea ukuta, ameshika kandambili moja ndogo ya plastiki, anaipapasa mkanda wake. Kina mama wakaingia mmoja mmoja. "Kazi ya Mola haina makosa." "Mungu kampenda zaidi." "Kaepushwa na dhambi za dunia, mwenzangu, mshukuru Mola." Akawatazama akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kwani wanaoishi, Mungu hawapendi?" Hakuna aliyemjibu, na ilikuwa vyema.

Kwa sababu lile la kuepushwa na dhambi, ukiligeuza kuwa hoja, lilishavunjwa zamani za kale. Inasimuliwa kwamba Abul-Hasan al-Ash'ari, aliyefariki mwaka 936 au karibu na hapo, alimuuliza mwalimu wake al-Jubba'i habari ya ndugu watatu: mmoja alikufa mwema, mmoja muovu, mmoja mtoto. Mwema yuko peponi daraja ya juu, muovu motoni, mtoto yuko salama lakini chini ya nduguye. Mtoto akisema, Mola wangu, ungeniacha niishi nami nikafanya mema? Al-Jubba'i akasema Mungu atamjibu: nilijua ungekua ukaasi, nikakutazamia maslahi yako. Basi, akasema al-Ash'ari, yule wa motoni atapiga kelele: Mola wangu, uliijua hali yangu kama ulivyoijua yake, mbona hukuniua ningali mtoto? Mwalimu akakosa la kusema. Wanahistoria wanabishana kama kisa kilitokea hivyo, lakini swali lake limesimama mpaka leo.

Wengi hukimbilia kisa cha Musa na Khidhri katika Suratul-Kahf: Khidhri alimuua kijana, Musa akashtuka, na baadaye sababu ikaelezwa. Nakiamini kisa hicho. Kinanifunza kwamba inaweza kuwepo sababu nisiyoijua. Hakinifunzi kwamba naijua, wala hakinipi ruhusa ya kumwambia mama yeyote kwa nini mwanawe kafa. Khidhri alifunuliwa, mimi sikufunuliwa. Nashangaa jinsi tunavyojivika cheo chake kwenye mikeka ya watu.

Kuna na ubaya mwingine wa maneno haya: yanawafunika wenye makosa. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ilizama Mtongwe, watu 272 wakafa. Ilikuwa imejazwa kupita kiasi. Kila tunaposema ilikuwa kazi ya Mola, aliyepakia na aliyenyamaza wote wamepumua.

Watetezi wa imani wana hoja ya hiari. Mwanafalsafa Mkristo Alvin Plantinga aliinyoosha mwaka 1974: hata Mungu hawezi kuumba watu walio huru kweli na wakati huo huo kuwahakikisha wasikosee. Naikubali mpaka mahali fulani. Lakini mwaka 2023, jirani yetu kabisa huko Kilifi, msitu wa Shakahola ulifukuliwa miili zaidi ya 400, mingi ya watoto, watu walioambiwa wafunge mpaka wafe ili wakutane na Yesu. Hiari inaeleza kwa nini mhubiri aliweza kutenda. Haielezi kwa nini hiari yake ililipiwa na mtoto asiyekuwa na hiari yoyote. Kwa hili sina jibu. Naendelea kuamini bila jibu hilo, na nikikutana na mtu aliyeacha kuamini kwa sababu ya Shakahola, sitamwambia hajafikiri.

Wala tusidhani kuhoji ni ugonjwa ulioletwa na wageni. Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi alikusanya mawazo ya wazee wenye hekima wa Kenya, wengi wao wa vijijini, na mmoja wao, Oruka Rang'inya, alimwambia kwamba Mungu ni wazo tu, wazo la wema lenye manufaa kwa watu, na kumchukulia Mungu kama mtu ni makosa. Mzee wa kijijini huyo. Sensa ya 2019 nayo iliwahesabu Wakenya zaidi ya laki saba na nusu kuwa hawana dini, na kaunti iliyoongoza ni Kilifi. Nadhani wengi kati ya hao ni watu wanaomwomba Mulungu kwa njia za mababu. Lakini wengine wamekana kweli, na baadhi wanaishi nasi mtaani, kimya.

Ukimya huo ndio nisioutaka. Chama cha wasioamini kiliposajiliwa mwaka 2016, usajili ulisimamishwa mwaka huo huo kufuatia malalamiko ya viongozi wa dini, na wengi hapa walifurahi. Mimi sikufurahi. Kifungu cha 32 cha Katiba kinalinda dhamiri ya kila mtu, na dini inayohitaji msajili wa vyama ili ishinde imeshajidhalilisha. Mji huu ndio uliokuwa na Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, Kadhi Mkuu mpaka alipofariki 1947, aliyetoa gazeti la Al-Islah mwaka 1932 akiwataka Waislamu wasome na watumie akili zao.

Basi wenye mihadhara nawaomba kitu kimoja. Mwakani wekeni meza ile ile na spika zile zile, mwalikeni mtu asiyeamini, mpeni dakika sawa na nyinyi, na upande wetu akae aliyemsoma Ibn Sina na aliyewahi kukaa kwenye kilio cha mtoto. Kina mama wa darsa tutakuja, na nitamwomba shangazi mtu ruhusa ya kumleta yule msichana akae mbele.